Dar hadi Guangzhou ni saa ngapi? Inategemea unahesabu saa zipi

Pale Kariakoo swali hili halikosi wa kulijibu. Kutoka Dar hadi Guangzhou, kule China, ni saa ngapi? Mmoja atasema kumi na nusu. Mwingine aliyepanda ndege hiyohiyo atakuambia kumi na tano na nusu, na tiketi anayo mkononi. Wa tatu atasema kwenda ndiyo mbali, kurudi ni saa sita tu. Kijana mwenye simu atatafuta umbali, atakuta kilomita 8,700, atagawa kwa 900, yaani kasi ya ndege kwa saa, kisha atatangaza kwamba ni chini ya saa kumi na wote waliomtangulia wamekosea.

Kila mmoja wao ameisoma namba yake vizuri. Kinachowagombanisha ni kwamba wanapima vitu tofauti na kuviita jina moja. Na mambo mengi hupangwa kwa namba hizi: nani aje kukupokea, lini ukutane na mwenye kiwanda, mgonjwa anayekwenda kutibiwa India ameze dawa saa ngapi. Basi tuzitenganishe.

Umbali ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Muda wa angani huanza magurudumu yanapoiacha ardhi na kuisha yanapoigusa tena. Muda wa ratiba ni mrefu zaidi kidogo: unaanza ndege inaposukumwa kutoka ilipoegeshwa na kuisha inapoegeshwa kule inakokwenda, na huo ndio mashirika ya ndege huutumia kupanga safari zao. Muda wa safari ni wa kwako wewe abiria, tangu unatoka nyumbani hadi unafika unakokwenda, foleni ya Barabara ya Nyerere ikiwemo. Halafu kuna tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Hiyo haipimi urefu wa kitu chochote, lakini ndiyo inayowachanganya watu kuliko hayo mengine yote.

Saa mbili kwenye tiketi moja

Tiketi ya ndege huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaoondoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaofika. Ukizitoa moja kutoka kwa nyingine, jibu utakalopata si muda wa safari, isipokuwa miji yote miwili iwe na majira mamoja.

Tuchukue mfano. Ndege inaondoka Dar saa tano asubuhi (11:00), na muda wa ratiba ni saa kumi na nusu. Inapofika Guangzhou, Dar ni saa tatu na nusu usiku. Lakini China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo kule imeshakuwa saa nane na nusu usiku, tarehe nyingine. Tiketi itaandika 11:00, kisha 02:30, na pembeni alama ya +1 kuonyesha kwamba ni kesho yake. Ukihesabu kwa vidole unapata saa kumi na tano na nusu. Kurudi, tuseme inaondoka Guangzhou saa tatu asubuhi (09:00) na inachukua saa kumi na moja. Inatua Dar saa tisa alasiri (15:00) ya siku hiyohiyo, na kwenye karatasi zinaonekana saa sita. Hakuna aliyeruka haraka namna hiyo. Saa tano zilizoongezwa wakati wa kwenda zimeondolewa wakati wa kurudi.

Kwa hiyo ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi ya ndege ya moja kwa moja, huhitaji kujua chochote kuhusu majira ya dunia. Jumlisha saa zinazoonekana za kwenda na za kurudi, kisha gawa kwa mbili. Hapa ni 15 na nusu kujumlisha 6, sawa na 21 na nusu. Nusu yake ni saa kumi na dakika 45. Huo ndio wastani halisi, kwa sababu tofauti ya majira hujifuta yenyewe.

Sisi tuko saa tatu mbele ya majira ya Greenwich mwaka mzima, pamoja na Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia na Madagaska. Istanbul na Doha nazo ziko hapohapo, kwa hiyo tiketi ya Dar hadi Istanbul unaweza kuitoa moja kwa moja ukapata takriban saa saba za kweli. Dubai iko mbele kwa saa moja, India kwa saa mbili na nusu. Ulaya ndiyo yenye mtego, kwa kuwa wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. London inakuwa nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Ndege ileile, njia ileile, tiketi ya Februari na ya Juni zitaonyesha saa tofauti na huku safari haijarefuka wala kufupika.

Kuna jambo la tarehe ambalo nalisisitiza kuliko yote, maana linawatoa watu machozi pale uwanjani. Tiketi inasema tarehe 12 Machi, 00:40. Kwa tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku kamili. Kwa mazungumzo yetu, usiku ule ni mmoja mpaka alfajiri, na saa sita na dakika 40 tunaihesabu kuwa bado ni usiku wa siku iliyotangulia. Ndege hiyo inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Mabegi yawe mlangoni jioni ya tarehe 11, na wewe uwe umefika uwanjani karibu saa tatu na nusu usiku wa tarehe hiyohiyo 11. Anayekuja jioni ya tarehe 12 anakuta ndege yake ilishatua Guangzhou tangu mchana na abiria wenzake wamelala. Mara nyingi tiketi hiyo hairudishiwi fedha. Anayekwenda kupokea mgeni anayefika saa 02:30 naye apige hesabu hiyohiyo.

Rula na uzi

Sasa umbali. Chukua ramani ya ukutani, weka rula kutoka Dar es Salaam hadi Los Angeles. Mstari unakatiza Afrika kuelekea magharibi, unaingia Atlantiki kwenye maji ya joto, na katikati yake unaangukia baharini kati ya Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Kisha chukua tufe la dunia, lile la kufundishia shuleni, ukaze uzi kati ya miji hiyohiyo miwili. Uzi hautakubali kupita ulipopita mstari wa rula. Utapanda kaskazini, na katikati yake utaukuta kusini-magharibi mwa Ireland. Ukipima njia hizo mbili, ya uzi ni takriban kilomita 16,200 na ya rula ni zaidi ya 17,200. Kilomita elfu moja nzima.

Sababu ni kwamba dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Ramani nyingi tulizozizoea zimetokana na ile ya mchora ramani Mercator ya mwaka 1569, iliyochorwa ili nahodha ashike uelekeo mmoja wa dira bila kubadili. Kwa kazi hiyo ni ramani nzuri sana. Kwa kupima umbali inadanganya, maana kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo inavyozivuta nchi na kuzifanya kubwa kupita kiasi. Ndiyo maana abiria wa safari ndefu akitazama ramani kwenye kioo cha kiti chake huona ndege inapinda na kudhani rubani anazunguka kukwepa kitu. Mara nyingi hakwepi chochote, anafuata uzi.

Kutoka Dar kwenda Guangzhou uzi na rula vinakaribiana, kwa sababu safari haiendi mbali na ikweta. Katikati ya njia iko juu ya Bahari ya Arabuni, karibu na pwani ya Kerala, kusini-magharibi mwa India. Majahazi ya pwani yetu yaliijua sana pwani hiyo kabla ya injini.

Umbali wenyewe nao huandikwa kwa namna tatu, na huo ni mkanganyiko mwingine. Ukitafuta Dar hadi Guangzhou utakuta 8,710, utakuta 5,410, utakuta 4,700, na zote ziko sawa. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, za kilomita 1.852 kila moja, na hizo ndizo wanazotumia marubani, kwa kuwa maili moja ya baharini inatokana na sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja kati ya nyuzi 360 za mzingo wa dunia. Angalia kipimo kabla hujabishana na mtu.

Kwa nini kugawa kwa 900 hakutoshi

Ndege kubwa kama Boeing 787-8 inayotumiwa na Air Tanzania husafiri kwa asilimia 85 hivi ya kasi ya sauti, sawa na kilomita 900 kwa saa ikiwa imeshapanda kilomita kumi au kumi na mbili juu. Lakini haianzi safari ikiwa na kasi hiyo. Inasukumwa, inajikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda kwa karibu nusu saa huku ikiongeza mwendo, na kule mwisho inashuka polepole, pengine ikizungushwa angani kusubiri nafasi ya kutua.

Kwenye safari ndefu mambo hayo humezwa na saa zilizobaki. Kwenye safari fupi ndiyo yanayotawala. Dar hadi Nairobi ni kama kilomita 670; ukigawa kwa 900 unapata dakika 45, ilhali ratiba husema saa moja na robo na kitu. Zanzibar ni kilomita 70 na ushei, dakika 20 angani. Lakini anayetoka Tegeta, pembezoni mwa Dar, akihesabu barabara, kukaguliwa na kusubiri, atakuta boti ya pale bandarini inayochukua kama saa mbili hajaiacha mbali.

Hesabu inayokaribia ukweli ni hii: gawa kilomita kwa 850, halafu ongeza nusu saa. Mwanza, kilomita 850, inatoka saa moja na nusu. Dubai, kilomita 3,980, inatoka saa tano na robo hivi, na kwa kawaida ratiba huongeza dakika kadhaa juu yake. Guangzhou inatoka saa kumi na dakika 45. Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya upepo.

Kasi ile ya 900 ndege inaipata ikilinganishwa na hewa iliyomo. Hewa yenyewe nayo inatembea. Ikiwa upepo wa juu unasukuma kutoka tezi, yaani nyuma, kwa kilomita 50 kwa saa, ardhi inapita chini kwa kasi ya 950. Ukipiga omo, yaani mbele, kwa nguvu hiyohiyo, inakuwa 850. Kwa kilomita 8,700 tofauti kati ya hali hizo mbili ni saa nzima na dakika kidogo. Na pepo za juu zinaweza kuwa kali kuliko hizo mara kadhaa: Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopiga Uingereza, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita.

Watu wa pwani wanapoambiwa habari za upepo hufikiria kusi na kaskazi, na ni haki yao. Lakini hizo ni pepo za chini, za kujaza tanga. Kilomita kumi na mbili juu kuna utawala mwingine. Kati ya Juni na Septemba, wakati kusi inavuma kutoka kusini-magharibi kuelekea India na bahari imechafuka, juu kabisa ya eneo hilohilo kuna mkondo mkali wa hewa unaotoka mashariki kuja Afrika. Jahazi la zamani lingesukumwa kwenda India kwa upepo wa tezi. Ndege ya leo ikielekea huko, mwezi huohuo, inaweza kuwa inapambana na omo. Desemba hadi Februari mambo hubadilika: kusini mwa milima ya Himalaya unakaa mkondo wa hewa unaokwenda mashariki kwa kasi, na ndege ya Guangzhou inapoingia upande huo inapata msukumo. Inaporudi inapambana nao. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika zinazotenganisha kwenda na kurudi kwenye ratiba.

Kwenye kioo cha kiti utaona wakati mwingine kasi imeandikwa 1,080, na jirani yako atasema tumevuka kasi ya sauti. Hatujavuka. Kwenye baridi ya kule juu sauti husafiri kama kilomita 1,060 kwa saa, lakini kinachohesabika ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, nao bado ni 900. Kilichobaki ni hewa yenyewe inayotembea na kuibeba ndege.

Maelezo ambayo nimeyasikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, ni kwamba tofauti ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kuzunguka. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa Dar ardhi inakwenda kwa zaidi ya kilomita 1,650 kwa saa. Basi, wanasema, ndege inayokwenda magharibi inapokelewa na ardhi inayoijia, na inayokwenda mashariki inaikimbiza. Ingekuwa hivyo, ndege ya kwenda China kwa kilomita 900 kwa saa isingefika kamwe. Ardhi ingekuwa inaiacha. Fikiria umo ndani ya treni ya SGR inayokwenda Morogoro kwa kilomita 160 kwa saa. Ukitoka kwenye kiti kwenda mbele ya behewa, au ukirudi nyuma, hatua zako ni zilezile, kwa kuwa wewe, kiti na hewa ya behewa mnakwenda pamoja. Dunia nayo inazunguka na hewa yake. Ndege ilipokuwa imeegeshwa uwanjani Kipawa ilikuwa tayari inazunguka nayo, na ikipaa haiachi kuzunguka. Ni kweli kwamba mzunguko huo unachangia kuzipa pepo za juu uelekeo wake, lakini ndege inaguswa na pepo tu.

Njia inapokatazwa

Hata uzi wa kwenye tufe una mipaka yake, kwani anga ni mali ya nchi. Njia fupi kati ya Dar na Amsterdam inapita juu ya Sudan. Tangu vita vilipoanza huko Aprili 2023, ndege za abiria za safari hiyo zimekuwa zikiikwepa anga hiyo, na safari ikarefuka ingawa Dar na Amsterdam hazijasogea hata hatua. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zilizokuwa njiani kuelekea Doha zikalazimika kugeuzwa au kutua kwingine. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba safari fulani ni saa kadhaa kamili, jua kwamba hiyo ni namba ya siku tulivu.

Kisha kuna kuunganisha ndege, jambo ambalo wengi wetu hatuliepuki. Dar hadi New York kwa uzi ni kilomita 12,400 hivi, lakini hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukipitia Amsterdam unaruka jumla ya kilomita 13,200. Ukipitia Doha zinakuwa 14,600, maana unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali Marekani iko upande mwingine. Ukitazama ramani utasema Doha ni kupoteza muda. Lakini kilomita 1,400 za ziada ni kama saa moja na dakika 40 angani, wakati kusubiri ndege ya pili kunaweza kuwa saa mbili kwenye tiketi moja na saa kumi na mbili kwenye nyingine. Kinachoamua siku yako ni kile kiti cha kusubiria. Ukienda kwa wakala, muulize jumla ya muda tangu kuondoka Dar hadi kutua mwisho, na ndani yake saa ngapi ni za kukaa uwanjani.

Muulize pia kama safari nzima iko kwenye tiketi moja. Ikiwa ndege ya kwanza imechelewa kwa sababu ya upepo au anga iliyofungwa, mwenye tiketi moja hutafutiwa nafasi kwenye ndege inayofuata. Aliyeunga tiketi mbili mwenyewe kwa kuwa ni nafuu, akiwa amejiachia saa mbili tu katikati, kwa shirika la pili ni abiria ambaye hakutokea, na mara nyingi hununua tiketi mpya palepale kwa bei ya siku hiyo.